Tulivyozitafuta Sanamu za Kitabu cha Mwalimu

Tuliombwa kazi moja tuliyodhani ni ya siku mbili, nayo ikatushika miezi mitatu. Twataka kuwasimulia jinsi ilivyokuwa, maana wengi wenu mmeuliza kile kitabu cha vipimo kitatoka lini, na wengine wamekwisha kusema nyuma yetu kwamba sisi ni wavivu.

Kitabu chenyewe wazee wanakijua. Mwalimu wetu, aliyewafundisha maseremala na waashi wa vilima hivi muda wa miaka mingi, alikitunga kwa Kiswahili alipokuwa masomoni Ulaya, mwaka 1989 na 1990, zamani zile nchi yetu ilipoitwa Zaire. Kina kurasa 64 na sanamu 41. Maneno si mengi. Mwalimu alizoea kusema kwamba fundi husoma kwa macho kwanza, kisha kwa kidole, na maneno huja nyuma yakichechemea. Nakala alizorudi nazo zilikwisha kwa mvua, moshi na panya. Mwalimu naye ametutoka. Basi vijana wa karakana hujifunza kwa kusikia tu, na vijana wawili walipiga paa ambalo lilipinda kabla ya mvua ya kwanza, kwa kuwa hakuna aliyewaonyesha mbao ya mshazari hukaa wapi. Ndipo wazee wa karakana walipotujia na kusema: Kitabu cha Mwalimu kichapwe tena.

Mjane wake alitupa kopo la biskuti lenye disketi saba. Akasema, “Wanangu, yeye alisema kitabu kimo humu. Mimi sijui namna ya kukitoa.” Sisi nasi hatukujua sana, ila tuliona haya kumwambia.

Tuliazima kijisanduku cha kusomea disketi, maana kompyuta za leo hazina tena mdomo wa kuzilisha. Disketi mbili zilikuwa zimekufa kabisa. Tano zilisema. Na hapo tulipata furaha ya kwanza: kitabu kizima kilikuwamo, tena kimeandikwa kwa herufi za kawaida, bila kifuniko cha programu ya duka fulani. Tulikifungua na kukisoma kama barua. Sanamu nazo zilikuwamo, kila moja katika faili lake. Tukasema, kesho tunachapa.

Kesho yake tuliiamuru mashini ifanye kazi. Ikasoma mstari wa kwanza, ikasimama, ikasema kwamba kitu kiitwacho psfig hakionekani.

Hapa lazima tuwaeleze mambo machache, msije mkadhani tulipoteza miezi mitatu kwa kutafuta kitu cha bure.

Mwalimu alikipanga kitabu chake kwa programu iitwayo TeX, akitumia nyongeza yake iitwayo LaTeX. TeX ilitungwa na Donald Knuth, profesa wa Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani. Mwaka 1977 profesa huyo aliletewa karatasi za majaribio za chapa mpya ya buku la pili la kitabu chake kikubwa, The Art of Computer Programming. Wachapaji walikuwa wameacha herufi za risasi na kuanza kupiga herufi kwa njia ya mwanga, na kazi yao ilimchukiza. Akaweka kando uandishi wa kitabu, akaanza kutunga programu yake ya kupanga kurasa. Alidhani itakwisha upesi. Ilimshika karibu miaka kumi. (Tuliposoma habari hiyo tulijisikia nafuu kidogo.) LaTeX iliongezwa na Leslie Lamport mwanzoni mwa miaka ya 1980, ili mtu wa kawaida aweze kupanga kitabu bila kuwa fundi wa TeX.

Sasa angalieni jinsi TeX inavyofanya kazi. Inafanya kama mwashi. Mwashi hajali tofali limechomwa na nani. Ajua urefu wake, upana wake na kimo chake, analipanga. Kwa TeX kila herufi ni kisanduku chenye vipimo vitatu: upana, kimo juu ya mstari na kina chini ya mstari. Yaliyomo ndani ya kisanduku haiyaoni. Inapomaliza, huandika faili lisemalo: kisanduku fulani kikae mahali fulani. Faili hilo huitwa DVI. Halina mashini yake maalumu. Programu nyingine hulisoma na kulieleza kwa mashini ya kuchapa iliyopo.

Kwa maneno njia hiyo ni nzuri sana. Kwa sanamu ilikuwa shida, maana TeX haikupewa namna ya kuweka sanamu. Profesa Knuth aliacha mlango mmoja mdogo tu, amri iitwayo special. Ukiandika neno ndani ya amri hiyo, TeX hailisomi. Inalichukua kama mjumbe achukuaye barua iliyofungwa, na kulitia katika DVI mahali pale pale ulipoliandika. Atakayeifungua barua ni ile programu inayosema na mashini ya kuchapa. Sisi twaona lilikuwa jambo la hekima: mtu akubali kwamba hajui mashini za kesho zitakuwaje, awaachie wengine nafasi. Lakini lilileta fujo pia, kwa sababu kila aliyetunga programu ya kuchapa alichagua lugha yake ya kuzisoma barua hizo. Aliyehamia kwenye mashini nyingine alilazimika kuziandika barua zake zote upya.

Labda mwauliza, kabla ya hapo watu walifanyaje? Wengi waliacha nafasi nyeupe kwenye ukurasa, wakachora pembeni, wakabandika kwa gundi. Lamport aliweka katika LaTeX namna ya kuchora iliyotumia herufi maalumu zenye vipande vya mistari. Lakini mistari yake ya mshazari ilikuwa na mipaka. Mwinamo uliandikwa kwa tarakimu mbili, na hakuna iliyoruhusiwa kupita 6. Seremala atacheka. Paa lipandalo futi 2 kwa kila futi 7 halikuweza kuchorwa! Mwaka 1987 Michael Wichura alitoa PiCTeX, iliyochora mistari kwa kupanga nukta ndogo ndogo moja baada ya nyingine. Ilichora lo lote, lakini ilikula nafasi ya mashini kama nzige. Mwaka ule ule Knuth mwenyewe alionyesha kwamba hata picha yaweza kuchapwa kwa TeX, ukitengeneza herufi ambazo ni nukta nene na nyembamba. Akamchapa Mona Lisa kwa njia hiyo. Jambo la kustaajabisha, lakini nani angechora paa kwa Mona Lisa?

Msaada ulitoka upande mwingine. John Warnock na Charles Geschke walianzisha kampuni ya Adobe mwaka 1982, na mwaka 1984 wakatoa lugha iitwayo PostScript. Mwaka 1985 Apple ilitoa mashini ya kuchapa, LaserWriter, iliyoifahamu lugha hiyo. PostScript huandikwa kwa herufi za kawaida, nayo husema mambo ambayo seremala ye yote angeyafahamu: nenda mahali hapa, piga mstari hadi pale, nenepesha kalamu, tia rangi. Vipimo vyake vya kawaida ni vipande 72 katika inchi moja, vikihesabiwa toka pembe ya chini upande wa kushoto. Tulipofungua mafaili ya sanamu za Mwalimu tuliona kwamba hakuzichora kwa programu ya kuchorea. Alizihesabu. Kila mbao ya kila paa aliiandika kwa tarakimu, mstari kwa mstari, na pembeni ameandika kwa Kiswahili: “nguzo ya kushoto”, “mbao ya mshazari”, “hapa msumari”. Mmoja wetu alinyamaza kitambo kirefu alipoyaona hayo.

Faili la sanamu la namna hii huwa na mstari mmoja mwanzoni, wenye neno BoundingBox na tarakimu nne: kushoto, chini, kulia, juu. Ndio mpaka wa sanamu. Kama zimeandikwa 0 0 144 72, basi sanamu ina upana wa inchi 2 na kimo cha inchi 1. Na hapo ndipo psfig inapoingia. Iliandikwa na Trevor Darrell wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na maelezo yake yalitoka mwaka 1987. Kazi yake ni hii: unaitajia jina la sanamu na kimo unachotaka, kwa mfano sentimeta 6. Yenyewe hufungua faili la sanamu, hutafuta zile tarakimu nne, hupiga hesabu ya upana, huiambia TeX iache kisanduku chenye vipimo hivyo hivyo, kisha huandika ile barua iliyofungwa: tia sanamu hii hapa, ipunguze kiasi hiki. Barua hufunguliwa na programu nyingine, dvips, ya Tomas Rokicki. Hivyo mwashi hupata vipimo vya tofali, na tofali lenyewe huletwa baadaye na mtu mwingine. Mwandishi hakuhitaji tena kupima kwa rula wala kujua lugha ya barua.

Bila psfig kitabu cha Mwalimu kilikuwa kuta zisizo na madirisha. Basi tukaitafuta.

Watu wa wakati wa Mwalimu walikuwa na njia zao za kuzipata programu kama hizi. Mwanzoni TeX ilisafiri kwa posta, katika ukanda wa sumaku ulioviringishwa kama utepe. Wenye kuitumia walikuwa na chama chao tangu 1980, na gazeti lao TUGboat, ambamo waliambiana nani ana nini. Baadaye vyuo vikuu vilianza kuweka mafaili wazi ili watu wa mbali wayachukue kwa njia ya simu za kompyuta. Kila chuo na ghala lake, na kila ghala na mpango wake. Ikawa vigumu kujua nakala ipi ni ya mwisho. Mwaka 1993 ghala moja la wote lilitangazwa katika mkutano wa Chuo Kikuu cha Aston, Uingereza, nalo likawekwa Uingereza, Ujerumani na Marekani, yaliyomo yakiwa yale yale. Huitwa CTAN, nalo lingaliko hata leo.

Lakini sisi hatukuanza kwenye CTAN. Hatukuwa na akili hiyo. Tulitafuta ovyo kwa intaneti ya simu, usiku wakati bei inapungua na umeme ukiwapo, tukaokota psfig katika ghala la zamani la chuo kimoja cha mbali. Tukashukuru. Tukaiamuru mashini. Ikapita mstari wa kwanza, ikapita ukurasa wa kwanza, ikafika mwisho. Tulipigana mabega kwa furaha.

Tulipochapa, kila sanamu ilikuwa nafasi nyeupe.

Nafasi zenyewe zilikuwa sawasawa! Paa la ukurasa wa 9 lilikuwa na sentimeta zake 6, ngazi ya ukurasa wa 20 ilikuwa na sentimeta zake 8, maneno ya chini ya kila sanamu yamekaa mahali pake. Sanamu tu hazimo. Tulipoteza wiki nyingi hapo. Tuliwaza disketi zimeharibika. Tuliwaza Mwalimu alikosea, na hilo tulilitamka kwa sauti ndogo. Mwisho tulisoma kwa utaratibu kile ambacho dvips ilikuwa ikituambia tangu siku ya kwanza, nasi tulikuwa tukikipita kama mtu apitavyo kelele za sokoni: kwamba imeona barua asizozijua, na imeziacha. Kumbe nakala ile ilikuwa imebadilishwa na mtu asiyejulikana, ili izungumze na mashini nyingine ya kuchapa. Vipimo ilivipiga vizuri, lakini barua ilizifunga kwa lugha ya jirani. Hatumlaumu mtu huyo. Alijisaidia kwa shida yake, na wala hakujua kwamba miaka thelathini na zaidi baadaye sisi tungeokota kikombe chake.

Ndipo tulipokwenda CTAN. Psfig ilikuwamo, na jina la mwenyewe juu yake. Tuliichukua, tukaiweka, tukaamuru. Kisha tukafungua ukurasa wa 9, na paa likawapo: nguzo, mbao ya mshazari, misumari. Tulimwita mjane wa Mwalimu aje kuona. Alitazama, akasema, “Ni mkono wake,” ingawa mkono wenyewe haukushika kalamu ila tarakimu.

Ili tusifiche neno, tuwaambie na aibu yetu. Mwaka 1994 LaTeX ilipata njia mpya ya kuweka sanamu, kazi ya David Carlisle na Sebastian Rahtz, nayo ndiyo itumikayo leo. Wao hawakuwasahau waliotangulia. Katika mafurushi yao waliweka moja liitwalo epsfig, ambalo huijua amri ya zamani ya psfig na huifanya kwa njia mpya. Furushi hilo lilikuwa ndani ya kompyuta yetu siku zote. Tungebadilisha neno moja katika mstari wa kwanza, na miezi miwili tungaliilima. Tuligundua hayo baada ya kazi kwisha.

Sanamu moja ilikuwa haina mstari wa tarakimu nne. Pengine Mwalimu alikuwa amechoka usiku ule. Kwa hiyo tuliipimisha kwa Ghostscript, programu isomayo PostScript na yenye namna ya kutaja mpaka wa sanamu bila kuichora. Ilitupa tarakimu, tukaziandika mwanzoni mwa faili. Ikakaa.

Basi tulihesabu sanamu. Tulipata 40.

Tulihesabu tena. Iliyokosekana ni ya ukurasa wa 52, namna ya kuunganisha mbao mbili fupi ziwe moja ndefu. Mafundi watajua kwamba hiyo ndiyo iliyotafutwa kuliko zote, maana mbao ndefu ni ghali na vilima vyetu vimekwisha miti. Tulifungua maandishi ya Mwalimu mahali pale. Hakuna psfig. Kuna amri ya kuacha sentimeta 5 wazi, na juu yake mstari ulioanza na alama ya asilimia. Katika TeX alama hiyo maana yake ni: mashini, usisome haya, ni ya watu. Mwalimu alikuwa ameandika: “Mikono miwili siwezi kuihesabu. Nitachora na kubandika.”

Tulianza kuuliza nani bado ana nakala ya zamani. Tuliuliza kanisani baada ya misa, tuliuliza sokoni. Mzee mmoja, fundi aliyepiga mapaa mengi ya upande wa juu, alileta ya kwake, imefungwa kwa kitambaa. Tulifungua ukurasa wa 51. Baada yake ulikuwa wa 53. Umechanwa vizuri, kwa rula.

“Ule?” akasema. “Ule nilikwenda nao kazini. Nikaugongomea kwenye nguzo ili vijana wauone. Mvua ikaula.”

Hatukusema neno. Mzee akatutazama, akaomba karatasi na penseli. Aliweka mkono wake wa kushoto juu ya meza kama ashikaye mbao, akauangalia, akaanza kuuchora kwa mkono wa kuume. Alichora mbao mbili, mkato wa mshazari katika kila moja, mahali pa vijiti vinne vya kuzibana. Alitaja vipimo akichora: mkato uwe mara nne ya unene wa mbao, usipunguze. Mikono ilitoka minene kupita kiasi, na kidole gumba kimoja kimekaa vibaya, lakini mtu aweza kujenga kwa sanamu ile.

Kijana mmoja alisema tuipige picha kwa simu tuiingize ndani ya kompyuta pamoja na zile arobaini. Yawezekana, si kazi kubwa. Sisi tulikataa. Tuliacha sentimeta 5 nyeupe kama Mwalimu alivyoziacha, tukachapa ukurasa, tukakata karatasi ya mzee kwa mkasi, tukaibandika kwa gundi, na kesho yake asubuhi tukapeleka kurasa zote 64 kwa mwenye fotokopi.